Maziwa ya kibuyu na uji mchachu: Bakteria zinazokabiliana na viini vya maradhi ya tumbo

Mwanariadha wa Kenya anaporejea nyumbani na medali, aghalabu hulakiwa kwenye uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Picha hiyo imezoeleka magazetini kiasi kwamba wengi huiona kuwa desturi tu ya kumpongeza shujaa. Hata hivyo, katika kila funda la maziwa hayo mna mamilioni ya bakteria hai, na kwa zaidi ya miaka 20 sasa wanasayansi wamekuwa wakizichunguza ili kubaini iwapo zinaweza kumkinga binadamu dhidi ya viini vinavyosababisha kuhara, homa ya matumbo na maradhi mengine yanayoenezwa kupitia chakula.

Suala hilo ni zito kuliko linavyodhaniwa. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 600, yaani takriban mtu 1 kati ya kila 10 duniani, huugua kila mwaka kutokana na chakula kilichochafuliwa, na kwamba 420,000 miongoni mwao hufariki. Watoto wa chini ya umri wa miaka 5 ni asilimia 9 pekee ya watu wote, lakini karibu thuluthi moja ya vifo hivyo, 125,000, ni vyao. Barani Afrika makadirio hayo yalitaja zaidi ya wagonjwa milioni 91 na vifo 137,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mzigo huo ni maradhi ya kuhara.

Je, kibuyu cha nyanya kinaweza kupunguza idadi hiyo? Ushahidi uliokusanywa kufikia sasa unaonyesha kuwa kinaweza, ila kwa masharti. Kinachomkinga mlaji si ukongwe wa desturi. Ni asidi, ni muda ambao chakula kimeachwa kichachuke, na ni aina mahususi ya bakteria iliyomo. Mojawapo ikikosekana, kinga hiyo hudhoofika au hutoweka kabisa.

Yanayotendeka ndani ya kibuyu

Karibu kila jamii ya wafugaji nchini ina maziwa yake ya kuchachusha. Wakalenjin wana mursik, Wamaasai wana kule naoto, Wasomali wana suusac ya maziwa ya ngamia, nao Abagusii wana amabere amaruranu. Madukani yapo maziwa lala, ambayo wengi huyaita mala, na wenzetu wa Tanzania huyaita mtindi. Upande wa nafaka kuna uji mchachu, ambao Agikuyu huuita ucuru wa mukio. Majina ni mengi, lakini kazi inayofanyika ndani ni moja.

Maziwa mabichi yana sukari iitwayo laktosi. Bakteria za jamii ya asidi ya laktiki huila sukari hiyo na kuacha asidi. Kipimo cha uchachu, kinachojulikana kama pH, hushuka kutoka takriban 6.7 katika maziwa mapya hadi 4.5 au chini ya hapo. Kinapofika karibu 4.6, protini ya maziwa iitwayo kasini hugandamana, na ndiyo sababu maziwa huwa mazito. Katika uji, sukari hutokana na unga wenyewe, na pH huweza kushuka hadi chini ya 4.

Wakalenjin husafisha kibuyu, ambacho wao hukiita sotet, kisha hukisugua ndani kwa makaa ya mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa. Wamaasai nao hutumia mzeituni mwitu, yaani oloirien. Makaa hayo huyapa maziwa harufu na ile rangi ya kijivu ambayo mgeni huishangaa mara ya kwanza. Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ni kwamba kuta za kibuyu zina vitundu vidogo, na humo husalia bakteria za maziwa yaliyotangulia. Kwa hivyo kibuyu kilichozoea kazi hakianzi upya kila mara. Kina chachu yake tayari. Mama anayebakisha maziwa kidogo ya jana ili kuchachushia ya leo hufanya jambo lilo hilo kwa njia iliyo wazi zaidi.

Mwaka 2004, watafiti wa Kenya wakishirikiana na wenzao wa Ujerumani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kule naoto. Waligundua kwamba bakteria zilizotawala zilikuwa za jenasi ya Lactobacillus, na iliyoongoza ni Lactobacillus plantarum, huku Lactobacillus fermentum, Lactobacillus paracasei na Lactobacillus acidophilus zikipatikana kwa uchache. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine kuhusu suusac ulipata vilevile Lactobacillus plantarum na bakteria za jenasi ya Leuconostoc, pamoja na aina kadhaa za hamira. Msomaji atakayefuatilia majina haya katika maandishi ya karibuni asishangae kuyakuta yamebadilika. Mwaka 2020 wataalamu waliigawa jenasi ya Lactobacillus katika jenasi nyingi, na Lactobacillus plantarum sasa huitwa Lactiplantibacillus plantarum. Bakteria ni ile ile.

Silaha zinazotumika

Silaha ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni asidi. Salmonella, Shigella inayosababisha kuhara damu, Campylobacter na kiini cha kipindupindu havipendi mazingira machachu. Namna asidi inavyoviua si kwa kuviunguza kwa nje kama wengi wanavyodhani. Chembe ya asidi ya laktiki ambayo haijagawanyika hupenya utando wa seli ya kiini, na ikishaingia ndani hugawanyika na kuachilia haidrojeni iliyochajiwa. Kiini hulazimika kutumia nguvu zake zote kuisukuma haidrojeni hiyo nje, na hatimaye huchoka, hushindwa kukua na hufa. Kadiri pH inavyoshuka ndivyo chembe zisizogawanyika zinavyoongezeka. Kwa sababu hiyo tofauti kati ya maziwa yenye pH ya 5 na yale ya 4 ni kubwa mno, ijapokuwa ulimi huenda usiihisi sana.

Pamoja na asidi ya laktiki, baadhi ya bakteria hizi hutoa asidi ya siki, ambayo ni kali zaidi kwa viini kwa kiwango kile kile cha pH, na nyingine hutoa haidrojeni peroksaidi. Zipo pia zinazotengeneza protini ndogo ziitwazo bakteriosini. Inayojulikana zaidi ni nisini, itokanayo na Lactococcus lactis, bakteria ambayo hutumika sana kutengenezea mala viwandani. Athari zake ziligunduliwa mwaka 1928, na mwaka 1988 Marekani iliidhinisha itumike kuhifadhi jibini. Nisini hutoboa utando wa viini kama Listeria, ambayo ni hatari hasa kwa mama mjamzito, na Clostridium. Haifanyi kazi nzuri dhidi ya Salmonella na E. coli, kwa kuwa hizo zina utando wa pili wa nje unaozilinda.

Silaha nyingine ni ushindani mtupu. Bakteria za maziwa zikiwahi kuwa mamilioni, humaliza sukari na nafasi kabla mgeni hajajipanga. Ushindani huo huendelea tumboni, ambako baadhi ya bakteria hung'ang'ania kwenye utando wa utumbo na kuzuia viini kupata mahali pa kujishikiza. Baadhi yake huaminika pia kuiamsha kinga ya mwili, ingawa jambo hilo hutofautiana sana kutoka bakteria moja hadi nyingine.

Sahani ya maabara si tumbo

Tafiti nyingi kuhusu vyakula vya kiasili hufuata njia moja. Mtafiti hutenga bakteria kutoka kwenye maziwa au uji, kisha huziweka katika kishimo kidogo kwenye sahani iliyopandwa kiini cha ugonjwa. Baada ya saa 24 hivi hupima duara tupu lililojitokeza kuzunguka kishimo hicho, mahali ambapo kiini kimeshindwa kuota. Duara likiwa pana, bakteria husifiwa kuwa hodari.

Ni jaribio zuri la kuanzia, lakini limezaa vichwa vingi vya habari vilivyotiwa chumvi. Sahani haina asidi ya tumbo, ambayo kabla ya mlo huweza kufikia pH ya 2. Haina nyongo, haina utando wa utumbo, wala haina matrilioni ya bakteria wenyeji ambazo mgeni lazima apambane nazo. Ndiyo maana watafiti waliochunguza maziwa ya Wamaasai hawakuishia hapo. Mwaka 2008 walichapisha matokeo mengine, wakiwa wamezipima bakteria hizo kwa uwezo wa kustahimili asidi na nyongo na wa kunata kwenye seli za utumbo zinazokuzwa maabarani. Baadhi zilifaulu vyema. Hata hivyo, hatua hiyo nayo huonyesha tu ni bakteria zipi zinazostahili kujaribiwa kwa binadamu.

Ushahidi wa togwa

Miongoni mwa ushahidi wenye uzito kuhusu binadamu katika kanda hii ni ule uliotoka Tanzania katika miaka ya 1990, na haukuhusu maziwa bali uji. Togwa ni uji wa mahindi, mtama au wimbi unaopikwa, ukapozwa, kisha ukatiwa kimera, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, pamoja na kiasi kidogo cha togwa ya zamani. Huachwa uchachuke na hunywewa bila kupikwa tena.

Watafiti walifuatilia watoto wadogo vijijini na mwaka 1994 wakaripoti kwamba waliolishwa uji uliochachushwa walipatwa na vipindi vichache vya kuhara kuliko wenzao ambao hawakuupata. Mwaka 1999 ilichapishwa tafiti nyingine ambapo watoto wa chini ya miaka 5 walipewa togwa mara moja kwa siku kwa muda wa siku 13, huku kundi jingine likipewa uji wa kawaida. Kabla ya kuanza, zaidi ya robo ya watoto wa kundi la togwa walikuwa na viini vya maradhi kama Campylobacter, Salmonella, Shigella na E. coli ya kuharisha katika kinyesi chao. Baada ya wiki moja walikuwa chini ya asilimia 10. Kundi la uji wa kawaida nalo lilishuka, lakini kwa kiwango kidogo.

Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulikuwa umekwisha onyesha kwamba Shigella na E. coli zikitiwa katika uji wa mahindi yaliyochachushwa hushindwa kuongezeka, ilhali katika uji usiochachushwa huzaana kwa kasi.

Umuhimu wa matokeo haya utaeleweka vizuri zaidi kwa kumtazama mtoto wa miezi 6 hadi 24. Wataalamu hupendekeza anyonyeshwe maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kisha aongezewe vyakula vingine. Hapo ndipo kuhara huanza. Mama mwenye shughuli nyingi na kuni chache hupika uji asubuhi na kumlisha mtoto mchana kutwa. Uji huo wa vuguvugu, usio na uchachu, ni shamba la rutuba kwa viini. Kikombe kisichooshwa vyema au mkono mchafu hutosha kupanda mbegu. Uji wenye pH ya chini ya 4 hauwi shamba la namna hiyo. Kwa familia isiyo na jokofu, tofauti ni kubwa. Kimera nacho kina faida ya ziada: huuyeyusha uji mzito, hivyo mama anaweza kutia unga mwingi zaidi na mtoto mwenye tumbo dogo akapata nguvu zaidi kwa kila kijiko.

Probiotiki ni nini hasa?

Neno probiotiki sasa limeandikwa kwenye makopo ya maziwa, vidonge na hata vipodozi. Wazo lake si jipya. Mwanasayansi Ilya Metchnikoff, aliyetunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich kwa utafiti wao kuhusu kinga ya mwili, alidai kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi maisha marefu kwa kuwa walikunywa maziwa yaliyochachuka. Madai hayo kuhusu umri hayakuwahi kuthibitishwa, ila yalifungua mlango wa utafiti.

Mwaka 2001, jopo la wataalamu lililoitishwa na WHO na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) nchini Argentina lilikubaliana kuwa probiotiki ni vijiumbe hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea mlaji faida ya kiafya. Kila neno hapo lina uzito. Ni lazima viwe hai, viwe vingi vya kutosha, na faida iwe imethibitishwa. Majaribio mengi hutumia angalau bakteria bilioni 1 kwa siku.

Kwa kipimo hicho, vyakula vingi tunavyovisifu havijafuzu. Ucuru huchachushwa ukiwa bado unga na maji, kisha hupikwa. Bakteria hufa jikoni. Asidi hubaki na huendelea kuulinda uji dhidi ya viini vinavyoingia baadaye, na hiyo si faida ndogo, lakini uji huo si probiotiki. Togwa, inayochachushwa baada ya kupikwa, huingia tumboni na bakteria zikiwa hai. Mursik na kule naoto vilevile. Lakini hata hapo sharti la mwisho, la kuthibitisha faida kwa kiasi kinachojulikana, ni gumu kutimizwa na chakula ambacho bakteria zake hubadilika kutoka kibuyu hadi kibuyu. Mtindi wa dukani unaotengenezwa kwa bakteria za kawaida umethibitishwa kumsaidia mtu ambaye tumbo lake halivumilii laktosi. Kuhusu kupambana na viini, hakuna uthibitisho wa kiwango hicho.

Tena, kufanana kwa majina hakutoshi. Mwaka 1917, daktari Mjerumani Alfred Nissle alitenga E. coli kutoka kwa askari ambaye hakuharisha wakati wenzake walikuwa wakiugua vitani. Nasaba hiyo bado hutumika kama dawa. Nasaba nyingine ya E. coli, ijulikanayo kama O157:H7, huharibu figo za watoto na huua. Zote mbili ni E. coli. Vivyo hivyo, kusema kwamba maziwa fulani yana Lactobacillus plantarum hakuelezi kama nasaba iliyomo ina uwezo wowote.

Majaribio makubwa ya hivi karibuni yanathibitisha tahadhari hiyo. Mwaka 2017 matokeo kutoka jimbo la Odisha, India, yalionyesha kwamba watoto wachanga waliopewa nasaba moja ya Lactobacillus plantarum pamoja na sukari maalumu ya kuilisha walipatwa na maambukizi ya damu au vifo kwa kiwango kilichopungua kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Waliohusika walikuwa zaidi ya watoto 4,500. Mwaka mmoja baadaye, watoto 971 waliotibiwa kuhara na kutapika katika hospitali za Marekani walishirikishwa katika jaribio la Lactobacillus rhamnosus GG, mojawapo ya probiotiki zinazouzwa zaidi duniani. Haikuwasaidia kuliko dawa bandia. Kuzuia ugonjwa na kuutibu ni mambo mawili tofauti, na kinachofaa hapa huenda kisifae pale.

Yasiyoshindwa na uchachu

Imani kwamba maziwa yakishachachuka huwa salama imewagharimu wengi. Kiini cha brusela, kinachomletea mtu homa isiyoisha na maumivu ya viungo, kinaweza kustahimili siku kadhaa katika maziwa machachu yaliyotokana na ng'ombe, mbuzi au ngamia mgonjwa. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho huenezwa kwa maziwa mabichi. Dawa ya hatari hizi mbili ni moto: maziwa yachemshwe kwanza, au yapashwe joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15 kama viwanda vinavyofanya, kisha yapozwe na kutiwa chachu. Baadhi ya wapenzi wa mursik hulalamika kwamba maziwa yaliyochemshwa hupoteza ladha. Pengine, lakini brusela hutibiwa kwa dawa za wiki 6.

Staphylococcus aureus, inayotoka mikononi na puani mwa wakamuaji au kwenye kiwele chenye jipu, ina hila nyingine. Uchachu ukichelewa kuanza, kiini hicho hutema sumu ndani ya maziwa. Asidi ikija baadaye huweza kukiua chenyewe, lakini sumu hubaki, na haiondolewi hata kwa kuchemsha. Kwa hivyo chachu dhaifu ni hatari kuliko kutokuwa na chachu kabisa na kuyanywa maziwa mapya yaliyochemshwa papo hapo.

O157:H7 iliyotajwa awali ni sugu kwa asidi kuliko ndugu zake. Mwaka 1991, watu 16 waliambukizwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza kupitia mtindi. Kuhusu sumukuvu, yaani aflatoksini, uchachu hauwezi kutegemewa hata kidogo. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika eneo la mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Unga wa mahindi yaliyoota ukungu ukichachushwa hubaki kuwa sumu, na ng'ombe akilishwa mahindi hayo sumu hupenya hadi kwenye maziwa.

Kibuyu chenyewe pia kina siri zake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu suusac kutoka Kenya na Somalia uligundua kwamba bakteria iliyotawala katika sampuli nyingi ilikuwa Streptococcus infantarius, ambayo ni ya ukoo unaohusishwa na maambukizi ya moyo. Nasaba ya maziwa ya ngamia inaonekana imejizoesha maisha ya maziwa, lakini usalama wake ungali ukichunguzwa. Mwaka 2013 watafiti waliripoti kuwepo kwa asetaldehidi katika mursik, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, ugonjwa uliokithiri katika Bonde la Ufa. Matokeo hayo hayajathibitisha kwamba mursik husababisha saratani, lakini yanatosha kuonyesha kwamba si kila kilicho cha asili ni salama.

Wagonjwa mahututi nao wasipewe bakteria hai bila idhini ya daktari. Mwaka 2008 jaribio moja nchini Uholanzi lilishtua ulimwengu wa tiba: kati ya wagonjwa 152 wa kongosho waliopewa probiotiki, 24 walifariki, ikilinganishwa na 9 kati ya 144 waliopewa dawa bandia.

Chachu inayojulikana

Kutokana na mashaka haya, baadhi ya wataalamu wameamua kuunganisha njia ya zamani na nasaba iliyothibitishwa. Mjini Mwanza, Tanzania, mradi wa Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada ulisaidia kundi la akina mama kuanzisha jiko la kutengeneza mtindi wa probiotiki mwaka 2004, wakilenga hasa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Nchini Uganda, shirika la Yoba for Life limekuwa likisambaza pakiti ndogo za chachu kavu yenye Lactobacillus rhamnosus, iliyotokana na ile GG baada ya hataza yake kumalizika. Wafugaji na wafanyabiashara wadogo huchemsha maziwa, huyapoza, hutia chachu hiyo na kuuza mtindi kwa bei ya kijijini. Gharama ni ndogo, na kilichomo kinajulikana.

Watengenezaji wa mursik na kule naoto bado hawana pakiti ya namna hiyo iliyotokana na vibuyu vyao wenyewe. Nasaba kadhaa zilizotengwa humo zimeonyesha dalili njema maabarani, lakini hatua ya kuzijaribu kwa watu wengi ni ghali. Zaidi ya hayo, tangu Kenya ipitishe sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016, yeyote atakayetaka kuyatumia maarifa hayo kibiashara anapaswa kupata ridhaa ya jamii husika na kugawana nayo faida.

Kwa anayechachusha nyumbani, mengi yako mikononi mwake tayari. Maziwa yachemshwe na kufunikwa hadi yapoe kiasi cha kuweza kushikika. Chachu itokane na maziwa mazuri ya jana, yaliyoganda vyema na yasiyo na harufu ngeni, na iwe ya kutosha ili uchachu uanze upesi. Kibuyu kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kikaushwe kabisa kabla ya kusuguliwa makaa. Maziwa au togwa viachwe hadi vichachuke barabara, kwani kukatiza kabla ya wakati ni kuviachia viini nafasi. Na mtu akitaka kuzimua maziwa mazito au togwa kabla ya kumpa mtoto, atumie maji yaliyochemshwa: maji ya kisima yakitiwa katika kikombe dakika ya mwisho huongeza pH na kuingiza viini kwa mkupuo mmoja, na mtoto hunywa kabla asidi haijapata muda wa kufanya kazi.